Je, Wajua? Somo Lililomo Katika Chukudu ya Mtoto
Chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba viazi, makaa na magunia ya maharage huko Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huigwa na watoto kwa umbo dogo. Katika nchi ya vilima kama Ngungu, wilayani Masisi, mteremko wenyewe ndio mtihani. Gurudumu lisilo la duara kamili hurukaruka. Mhimili uliopinda huvuta chombo kando. Mtoto hushuka, hukipindua, huzungusha gurudumu polepole kwa kidole mpaka aone linapokwama, kisha huchonga hapo na kujaribu tena. Huko ni kujifunza kwa kutafakari, na hakuhitaji kifaa cha dukani. Mlezi husaidia zaidi anapouliza, “Unadhani kwa nini imeenda kando?” kuliko anapomtengenezea, kwa kuwa mtoto hulazimika kuyapa mawazo yake maneno.

Wazo la kujifunza kwa kucheza si geni: mwaka 1837, mwalimu Friedrich Froebel alianzisha huko Ujerumani malezi ya watoto wadogo yaliyotumia mipira na vipande vya mbao. Kucheza pia ni haki: imo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliuridhia mwaka 1990.