Kompyuta ya michezo ya kudumu: Kipi kinunuliwe kwanza, na kipi kisubiri?

Tuseme kijana wa Chovai anayesoma Kismayo ametumiwa fedha na shangazi yake aliyeko Uingereza ili aunde kompyuta ya kuchezea michezo, ambayo ataitumia pia kwa masomo na kuhariri video. Fedha za namna hiyo haziji mara mbili. Kwa hiyo swali lililo mbele yake si kompyuta ipi ina kasi kubwa kuliko zote leo. Anachotaka kujua ni ipi itakayokuwa bado inafanya kazi miaka minane ijayo, na itakayopokea vipuri vipya bila kulazimika kuibadilisha yote.

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta huandikwa kwa ajili ya watu wenye umeme usiokatika, nyumba zenye kiyoyozi na duka la vipuri katika mtaa wa pili. Hali ya pwani ya Kismayo ni nyingine. Visiwa vya Bajuni, vikiwemo Koyama, Chovai na Chula, vimepangana kando ya pwani kutoka Kismayo kuelekea Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Somalia haina gridi ya umeme ya taifa. Mijini umeme huuzwa na kampuni binafsi, na pasipo na nyaya za kampuni hizo watu hutegemea sola au jenereta. Kipuri kikiharibika, kingine huenda kikaagizwa Mogadishu, Mombasa, Nairobi au Dubai. Na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, hata safari fupi ya kutoka kisiwani hadi mjini huwa ya kubahatisha.

Mkuku kwanza, tanga baadaye

Wabajuni ni watu wa vyombo, na kanuni ya kuunda kompyuta ya kudumu haipishani sana na ya kuunda dau. Fundi huanza na mkuku. Tanga likichanika hushonwa, mlingoti ukivunjika huwekwa mwingine, lakini mkuku ukiwa mbovu chombo kizima ni hasara.

Mkuku wa kompyuta ni vitu vitatu: kasha, ubao mama na pawasaplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaotumiwa na vipuri vya ndani. Tanga ni kadi ya picha, kipuri kinachochora kile kinachoonekana kwenye skrini. Kosa la wanunuzi wengi ni kutumia karibu fedha zote kwenye tanga, kisha kulifunga juu ya mkuku wa bei ya chini.

Kasha na ubao mama vichaguliwe kwa vipimo vya ATX, au vya umbo dogo la mfumo huo huo. Vipimo hivyo vilianzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na hadi leo ubao mpya huingia katika kasha la miaka mingi iliyopita. Hapa ndipo penye mtego wa kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo huuzwa kwa bei nafuu. Nyingi zina kasi ya kutosha kwa kazi za kawaida, lakini ubao na pawasaplai zake mara nyingi ni za umbo la kampuni iliyozitengeneza. Pawasaplai ikiungua, ile ya dukani haiingii. Kadi kubwa ya picha nayo haina nafasi wala waya wa kuilisha umeme.

Pawasaplai: mlinzi wa mlangoni

Kila kipuri ndani ya kompyuta hula umeme unaopita katika pawasaplai. Iliyo dhaifu ikifa, inaweza kuondoka pamoja na ubao na diski. Kabla ya kulipa, mnunuzi asome kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwake.

La kwanza ni volti inazopokea. Baadhi ya pawasaplai za bei ya chini zimeandikwa volti 200 hadi 240 tu. Zilizoandikwa 100 hadi 240 huvumilia zaidi pale umeme unaposhuka jioni, wakati mji mzima umewasha taa na majokofu.

La pili ni alama ya 80 PLUS. Mpango huo, ulioanza mwaka 2004, hupima ni kiasi gani cha umeme kinachofika kwenye vipuri na kiasi gani kinachopotea kama joto. Daraja la dhahabu hupoteza kidogo kuliko la shaba. Palipo na joto na umeme wa ghali, tofauti hiyo hulipa mara mbili: kwenye bili na kwenye umri wa kifaa.

La tatu ni dhamana. Watengenezaji kadhaa hutoa dhamana ya miaka 10 kwa pawasaplai zao bora. Kudai dhamana hiyo kutoka Kismayo si jambo jepesi, lakini kampuni inayokubali kubeba mzigo kwa miaka 10 inaonyesha kwamba inakiamini ilichokitengeneza. Kwa kompyuta ya wastani, wati 550 hadi 650 zinatosha, na huacha nafasi ya kadi kubwa zaidi siku za usoni.

Anayetumia sola na betri aongeze sharti moja: inveta iwe ya wimbi safi. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la kukatikakatika ambalo balbu hulivumilia, lakini pawasaplai za kisasa zinaweza kuzimika au kupata moto kwa sababu yake.

Ubao mama: tazama soketi, si rangi

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hukaa katika soketi iliyo juu ya ubao mama. Soketi ikiachwa na mtengenezaji, njia ya kuboresha kompyuta hufungwa. Kwa hiyo, anayenunua ubao ananunua pia ahadi ya miaka ijayo.

Mfano unaojulikana ni wa soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD. Mtu aliyenunua ubao wa AM4 mwaka 2017, iwapo mtengenezaji wa ubao ametoa programu mpya ya kuuendesha, aliweza miaka mitano baadaye kuweka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022. Alibadilisha kipuri kimoja, na vingine vikabaki. Kwa upande mwingine, prosesa za kizazi cha nane za Intel, zilizotoka mwaka 2017, zilikuwa na soketi ya jina lile lile la zilizotangulia, lakini hazikufanya kazi kwenye mbao za zamani.

Kwa anayenunua vipuri vipya leo, soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022, ina njia ndefu zaidi mbele yake, kwani AMD imesema itaendelea nayo hadi mwaka 2027 na baada ya hapo. AM4 imekaribia mwisho wa safari, lakini vipuri vyake vilivyotumika ni vingi na bado vina nguvu. Memori za mifumo hii hazibadilishani: AM4 hutumia DDR4 na AM5 hutumia DDR5, na moja haiingii katika nafasi ya nyingine.

Tahadhari moja inahusu kuweka programu mpya ya ubao. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza kufa papo hapo. Kazi hiyo ifanywe kwa umeme wa betri au UPS, na ni vyema kuchagua ubao wenye kitufe cha kurejesha programu hiyo kwa kutumia flashi.

Kadi ya picha inaweza kusubiri

Zipo prosesa ambazo ndani yake mna uwezo wa kuchora picha bila kadi ya pembeni. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ni mojawapo kwa AM4, na Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024 kwa AM5. Kwa prosesa kama hizo, mchezo kama Grand Theft Auto V huchezeka kwa ubora wa chini au wa kati, na kijana huanza kutumia kompyuta yake tangu siku ya kwanza huku akiweka akiba ya kadi. Sharti ni kwamba memori iwe vipande viwili vinavyolingana, kwa kuwa uwezo huo wa picha huazima memori ya kompyuta na hutegemea kasi yake. Gigabaiti 16 ni mwanzo mzuri.

Hapa zingatio lingine huingia. Bei za memori zilipanda sana duniani mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Anayeona memori nzuri iliyotumika na kupimwa asiidharau. Diski ya SSD nayo ni lazima, na ndogo hujaa upesi: mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi unaweza kuchukua gigabaiti 100 au zaidi. Ubao wenye nafasi mbili za SSD za aina ya M.2 huruhusu kuongeza ya pili bila kuiondoa ya kwanza.

Wakati wa kadi ya picha ukifika, kipimo kisiwe kasi peke yake. GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021 hula hadi wati 170. RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 hula wati 115 na kwa michezo mingi ina kasi zaidi, ingawa ina memori ya gigabaiti 8 dhidi ya 12 za mwenzake. Kwa nyumba inayotegemea betri, wati hizo 55 si kitu kidogo.

Hesabu ya umeme

Umeme wa Somalia umekuwa miongoni mwa wa bei ya juu duniani, na bei hutofautiana kati ya mji na mji. Tuchukue, kwa mfano tu, senti 50 za dola kwa kilowati-saa moja. Kompyuta inayokula wati 400 kwa saa tatu kila siku hutumia kilowati-saa 1.2, yaani senti 60 kwa siku na dola 18 kwa mwezi. Inayokula wati 250 kwa muda huo huo hugharimu takriban dola 11 kwa mwezi. Tofauti ya mwaka inapita dola 80, fedha inayoweza kununua SSD au sehemu ya kadi.

Kwa betri, hesabu ni kali zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilowati-saa 2.4 kwenye karatasi, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Kompyuta ile ya wati 400 ingeimaliza nusu hiyo kwa saa tatu, kabla hata ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, taa au feni. Dawa moja haigharimu chochote: kuweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde ndani ya mchezo. Kadi hupumzika, feni hupungua kelele, na betri hudumu.

Chumvi na joto

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huanza kula shaba na bati za vipuri. Kompyuta isiwekwe mbele ya dirisha linaloelekea pwani. Kasha liwe na vichujio vinavyoweza kuoshwa, na feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazoitoa, ili hewa isinyonywe kupitia nyufa zisizo na kichujio. Kompyuta isiyotumika kwa muda mrefu iwashwe mara kwa mara, kwani joto lake hukausha unyevu.

Kuhusu kupoza prosesa, kipoza cha chuma na feni ni salama kuliko cha maji. Feni ikifa, nyingine hupatikana karibu kila mahali. Pampu ya kipoza cha maji ikifa wakati wa kusi, kompyuta italala hadi bahari itulie.

Mpango wa manunuzi

Kabla ya yote, programu endeshi ifikiriwe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2018. Anayenunua kompyuta au ubao uliotumika ahakikishe kwanza kama upo ndani ya mpaka huo, au awe tayari kutumia Linux, ambayo siku hizi huendesha michezo mingi ya Windows, ingawa baadhi ya michezo ya mtandaoni bado huikataa.

Kwa kijana wetu wa Chovai, basi, fedha za shangazi zigawanywe hivi. Awamu ya kwanza ni kasha, pawasaplai, ubao, prosesa yenye picha ndani yake, memori na SSD. Awamu ya pili, pengine baada ya mwaka, ni kadi ya picha. Awamu ya tatu, miaka minne au mitano baadaye, ni prosesa mpya juu ya ubao ule ule. Katika kila awamu, oda itolewe mapema ili mzigo ufike kabla ya kusi, na feni moja ya akiba iwekwe kabatini, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.