Chombo cha Kale: Shaba ya Njano au Bronzi?

Mwananchi anapofika kituoni kuripoti wizi wa chombo cha maua cha kale kutoka China, Japani au India, mara nyingi hutuambia tu kuwa kilikuwa "cha shaba". Maelezo hayo hayatoshi kumrudishia mali yake, kwa maana shaba ya njano ni shaba iliyochanganywa na zinki, na bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati.

Tazameni ukingo wa kitako, mahali palipolika. Pakimeta kwa umanjano ulio karibu na dhahabu, yaelekea ni shaba ya njano. Pakiwa na wekundu au hudhurungi, yaelekea ni bronzi. Kutu ya kijani haiamui neno, kwani zote mbili huiota. Sumaku hainasi yoyote. Ikinasa, mna chuma ndani. Wala chapa ya kitakoni isiwapumbaze: ile ya enzi ya Xuande (1426–1435) ilinakiliwa kwa karne nyingi, na vyombo vingi viitwavyo bronzi vya China vina zinki tele. Uhakika hutolewa na kipimo cha eksirei.

Twawasihi msikisugue. Kung'arisha hushusha thamani, tena hufuta mikwaruzo ambayo mwenyewe angekitambulia mbele yetu. Kipigeni picha, hasa kitakoni, pimeni kimo na uzito, kisha andikeni "metali ya njano" au "ya hudhurungi" msipokuwa na hakika. Karatasi hiyo itunzwe mbali na chombo chenyewe.