Unacheki Simu Kama Ni Feki, Je Daktari Wako? Hivi Ndivyo Unajua Ako na Leseni

Ukienda kununua simu pale Makutano, Meru, kitu ya kwanza unabonyeza ni *#06# ucheki kama namba inafanana na ile ya boksi. Muguka ya Embu nayo unaishika, unaigeuza, unauliza imechunwa saa ngapi. Lakini msee akivaa koti jeupe na kuning'iniza kile kidude cha kusikiliza kifua, unapanda kitandani bila swali. Hata jina lake huulizi.

Buda, koti jeupe mtu yeyote ananunua. Kinachofanya mtu awe daktari ni jina lake kuwa kwa rejista, na hiyo rejista unaweza kuicheki kwa simu ukiwa bado kwa foleni.

Tuanze na kujua nani ni nani, juu mtaani kila mwenye koti tunamwita "dokta". Madaktari na wa meno wako chini ya KMPDC. Maafisa wa kliniki wako na baraza lao, Clinical Officers Council. Manesi wako chini ya Nursing Council, wa maabara wako na bodi yao, na wa dawa wako chini ya Pharmacy and Poisons Board. Kila mmoja lazima asomee, afanye mafunzo ya kazini, asajiliwe, halafu alipie leseni ya kufanya kazi. Ya daktari inaisha Desemba 31 kila mwaka, na hapati nyingine bila kuonyesha ameendelea kusoma. Kwa hivyo cheti cha mwaka wa jana kilichotundikwa ukutani hakimaanishi mtu ako sawa leo.

Na usianze kudharau afisa wa kliniki. Wengi wamesoma KMTC, ambayo iko na kampasi Meru na Embu, na ndio wanatibu watu wengi zaidi kwa vituo vidogo. Noma inaanza mtu akifanya kazi ambayo hajasajiliwa kuifanya.

Ndiyo maana maswali ni matatu. Moja, huyu mtu amesajiliwa? Mbili, amesajiliwa kama nani? Daktari wa kawaida ako na leseni halali kabisa, lakini hiyo haimfanyi awe mpasuaji wa mifupa. Mtaalamu husoma miaka mingine juu ya ile ya kwanza na kutambuliwa na KMPDC kwa hiyo fani. Tatu, hii kliniki yenyewe inaruhusiwa kufanya hii kitu? Vituo navyo hupewa leseni kwa ngazi. Level 2 ni zahanati na kliniki ndogo, na Level 5 ni kama hospitali kubwa za rufaa za Meru na Embu. Ukiambiwa mathee atafanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa kliniki ya Level 2 juu ya duka la simu, toka hapo mbio.

Unaona hii ni story ya Nairobi? Nairobi ndiyo ilitupa ile kesi kila mtu anaijua, ya Mugo wa Wairimu. Mwaka wa 2015 aliposhikwa kuhusu kliniki ya Githurai, bodi ya madaktari ilisema hayuko kwa rejista yake. Mwaka wa 2018 akapatikana tena na kliniki, safari hii Kayole. Miaka mitatu, mtaa mwingine, wagonjwa wengine. Ukimfunga mmoja bila watu kuchanuka, anafungua upande ule mwingine.

Na huku kwetu? Juni 2023, baada ya runinga kuanika madai ya bima kulipishwa upasuaji ambao wagonjwa hawakuhitaji, NHIF ilisimamisha hospitali kadhaa. Moja ilikuwa Nkubu, hapa Meru. Cheki vizuri: hapo swali halikuwa kama madaktari ni feki. Swali lilikuwa nani ndani ya hospitali anauliza, "Huyu mzee anapasuliwa kwa nini?"

Hapo ndipo usimamizi unaingia. Hospitali iliyo fiti haimalizani na karatasi uliyoleta siku ya interview. Inapigia chuo simu, inauliza baraza, inacheki kama ulishawahi kuadhibiwa. Halafu kamati inakaa na kuandika ni kazi gani unaruhusiwa kufanya hapo ndani: nani anaweka mgonjwa nusukaputi, nani anapasua, nani anasimamiwa. Na inarudia mara kwa mara. Mgonjwa akifa kwa njia isiyoeleweka, wanakaa chini wanaulizana ukweli, hawafichani.

Usidhani vyeti feki ni mchezo. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ilisema imepata vyeti feki 2,067 kwa taasisi za serikali. Hao si watu wa afya pekee, lakini pata picha mmoja tu kati yao ndiye anakupima dozi. Na mwaka wa 2025, KMPDC ilifunga vituo vya afya 728 na kushusha ngazi vingine 301 nchi nzima. Kila kimoja kilikuwa na watu wanaokiamini.

Sasa form ni hii. Ingia tovuti ya KMPDC, tafuta jina la daktari, halafu tafuta jina la kituo. Kama ni nesi au afisa wa kliniki, cheki kwa baraza lake. Angalia leseni ya kituo ukutani: jina, ngazi, mwaka. Kabla ya upasuaji wowote, uliza jina kamili la atakayepasua na la atakayekulaza usingizi. Uliza kwa heshima, "Samahani daktari, naomba jina lako nijue nani ananihudumia." Mtaalamu wa ukweli hakasiriki. Akianza kukufokea ama kukwambia "unajifanya msomi," hiyo tayari ni jibu.

Kama ni dharura, damu inatoka ama mtu hapumui, usikae hapo ukigoogle. Kimbia hospitali kubwa iliyo karibu, maswali yatafuata.

Na kama ushaumizwa, weka risiti, karatasi za matibabu na picha za dawa. Malalamiko dhidi ya daktari ama kituo yanapelekwa KMPDC, ambayo iko na kamati ya nidhamu, na mwananchi yeyote anaweza kuyaandika. Mtu asiye kwa rejista kabisa ni kesi ya polisi.

Shosho yako Runyenjes ama Maua hatafungua tovuti. Hiyo kazi ni yako. Kabla apelekwe kliniki wiki hii, itisha jina la kituo, tafuta kwa simu, umpigie umwambie.