Kuchagua Dawa ya Kuziba Maungio ya Bodi Unapokarabati Gari la Zamani

Katika Kata ya Sigino, kama ilivyo katika kata nyingine za Mji wa Babati, magari yaliyotengenezwa miongo kadhaa iliyopita bado yana kazi. Land Rover na Land Cruiser za zamani hubeba mazao kutoka shambani, huvuta matela na hufika mahali ambapo magari mengi mapya hayafiki. Wapo pia wanaoyatunza kwa fahari. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo ya kila umri.

Mwenye gari la aina hii anapoamua kulikarabati, fedha nyingi huelekezwa kwenye injini, rangi na viti. Dawa ya kuziba maungio ya bodi huachwa mwisho, na mara nyingi mwenye gari hajui hata imetumika ipi. Ni kosa la gharama kubwa. Rangi nzuri iliyopakwa juu ya maungio yasiyozibwa vizuri inaweza kuanza kuvimba baada ya msimu mmoja tu wa mvua, na kazi yote ikalazimika kurudiwa. Makala haya yanamwelekeza mlaji namna ya kuchagua dawa hiyo, kusimamia matumizi yake na kudai haki yake pale anapouziwa isiyofaa.

Kazi ya dawa ya maungio

Bodi ya gari ni vipande vingi vya bati vilivyopandishwa kingo na kuunganishwa kwa kulehemu vidoa, kwa ribiti au kwa bolti. Kati ya kidoa na kidoa hubaki mwanya mwembamba. Maji huingia humo, hukaa kwa sababu hayana pa kukaukia, na kutu huanza kutoka ndani kuja nje. Dawa ya maungio huufunika mwanya huo kwa tabaka linalonyumbuka pamoja na bati gari linapotikisika.

Faida yake haiishii kwenye kutu. Maungio ya sakafu na ya ukuta unaotenganisha injini na abiria yakiwa wazi, vumbi huingia wakati wa kiangazi na maji huingia wakati wa masika. Hatari kubwa zaidi ni moshi wa ekzosi, ambao una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi na inaweza kuua. Kwa hiyo kuziba maungio ni suala la usalama wa abiria pia.

Dawa hii isichanganywe na bodi fila. Fila hujaza mabonde ya bati ili rangi ikae sawa. Ikiwekwa kwenye maungio hukauka ikawa ngumu, hupasuka kwa mtikisiko na kupitisha maji. Vilevile dawa ya maungio haibebi uzito, na haiwezi kuchukua nafasi ya kulehemu pale bati lilipokwisha kuliwa na kutu.

Aina zinazopatikana madukani

Poliyurethani, ambayo kwenye tyubu huandikwa PU, ndiyo inayotumika sana. Hunyumbuka vizuri na hupakika rangi. Hata hivyo haishiki vyema kwenye bati tupu. Huhitaji praima chini yake, na ikiachwa juani bila rangi huharibika. Ina kemikali ziitwazo isosayaneti zinazoweza kudhuru mapafu na ngozi.

Aina yenye herufi MS hukauka kwa namna inayofanana na PU, lakini haina isosayaneti, hustahimili jua na hushika vyuma vingi vizuri zaidi. Kwa kawaida bei yake huwa juu. Kwa gari linalokaa nje mchana kutwa, tofauti hiyo ya bei ina maana.

Epoksi ya sehemu mbili huchanganywa wakati wa kutumia. Hushika bati tupu lililosafishwa na haitegemei unyevu wa hewa ili ikauke. Inapokauka huwa ngumu kuliko PU, hivyo inafaa maungio yaliyolehemewa yasiyo na mchezo mkubwa. Kipimo cha mchanganyiko kikikosewa, haitakauka ipasavyo.

Utepe wa butili ni laini na haukauki kabisa. Unafaa kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti na vitakavyofunguliwa siku za mbele. Land Rover za zamani zina vipande vingi vya namna hiyo.

Dawa za lami au mpira zenye kutengenezea huuzwa kwa bei nafuu. Kutengenezea kunapovukiza, dawa husinyaa na kuacha nyufa pembeni. Zinaweza kutumika chini ya gari kama kinga ya ziada, lakini si chaguo jema kwa maungio yatakayopakwa rangi.

Silikoni ya madirisha na mabomba isitumike kwenye bodi hata kidogo. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayochochea kutu. Aina zote za silikoni hukataa rangi, na mabaki yake kidogo tu yanaweza kusababisha vishimo kwenye rangi ya gari zima. Ukisikia fundi akisema kwamba silikoni ya dirisha inatosha, msimamishe kabla hajaanza.

Tazama kwanza bodi ya gari lako

Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa kimeadimika baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Chasi na ukuta wa mbele wa abiria vilibaki vya chuma. Metali hizi mbili zikigusana mahali penye maji, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Katika maungio ya namna hiyo, kuziba kwa juu hakutoshi. Kila upande upakwe praima, kisha utepe wa butili au dawa iwekwe katikati ili metali zisigusane.

Bodi ya Land Cruiser ya zamani ni ya chuma. Chunguza zaidi mifereji ya paa, kona za sakafu, sehemu ya ndani ya matao ya magurudumu na sehemu ya chini ya milango. Mahali pote hapo, tafuta pia matundu ya kutolea maji yaliyowekwa na kiwanda. Matundu hayo yasizibwe. Mlango uliozibwa tundu lake la chini hujaa maji kama ndoo na kuoza kutoka ndani.

Maandalizi na ukaushaji

Dawa bora iliyowekwa juu ya kutu haina thamani, kwani hufungia unyevu ndani. Dawa ya zamani iondolewe yote, kutu isuguliwe hadi bati ling'ae, na bati lililotoboka likatwe na kulehemewa upya. Kulehemu kukamilike kabla ya kuweka dawa, kwa sababu dawa hizi zikiungua hutoa moshi wenye sumu. Baada ya hapo bati lifutwe mafuta na vumbi, lipakwe praima ya epoksi, kisha dawa iwekwe na rangi ifuate.

PU na MS hukauka kwa kuvuta unyevu kutoka hewani. Katika hali ya wastani, hukauka takribani milimita 2 hadi 3 kwa siku kutoka juu kwenda ndani. Katika miezi ya kiangazi, hewa inapokuwa kavu na usiku una baridi, muda huongezeka. Ngozi ya juu inaweza kuwa kavu kwa kidole ilhali ndani bado ni mbichi. Kwa hiyo fuata muda wa kupaka rangi ulioandikwa kwenye tyubu, na usimharakishe fundi.

Kadiria kiasi kabla ya kununua

Tyubu nyingi zina mililita 310. Mstari wenye unene wa milimita 6 utatoka takribani mita 11 kwa tyubu moja. Mstari wa milimita 10 hautafika mita 4. Pima urefu wa maungio kwa kamba, gawanya, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu. Hesabu hii itakulinda dhidi ya kununua tyubu nyingi kupita kiasi, na pia dhidi ya fundi kuishiwa katikati ya kazi na kumalizia kwa dawa ya aina nyingine.

Mambo ya kukagua dukani

Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. PU na MS ambazo hazijafunguliwa kwa kawaida hudumu kati ya miezi 9 na 18, na joto hupunguza muda huo. Tyubu iliyopangwa juani mbele ya duka, iliyovimba, au iliyo ngumu inapobonyezwa, isinunuliwe. Hakikisha jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na maelekezo ya matumizi vinasomeka, na kwamba tarehe haikubandikwa juu ya nyingine.

Ukiwa na shaka, nunua tyubu moja kwanza ufanye jaribio. Chukua vipande viwili vya bati, viandae kama bodi itakavyoandaliwa, viunganishe kwa dawa hiyo na uviache wiki moja. Kisha jaribu kuibandua dawa. Ikichanika yenyewe na kuacha tabaka lililoshika bati, imeshika vyema. Ikitoka nzima na kuliacha bati safi, ama dawa haifai ama maandalizi hayakutosha.

Makubaliano na fundi

Andikeni makubaliano, hata kwa karatasi moja ya daftari: aina ya dawa, nani atainunua, idadi ya tyubu na siku za kukauka. Omba kuonyeshwa maungio au kupigiwa picha kabla ya rangi kupakwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna kinachoonekana. Tyubu tupu urudishiwe. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa sababu kumbukumbu hizo humlinda naye. Hakikisha pia kuwa anafanyia kazi mahali penye hewa, amevaa glavu na kinga ya macho, na hakuna anayevuta sigara karibu na thina.

Haki zako

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ulinzi huu hupungua pale mnunuzi anapotaja jina la kibiashara tu na kupewa alichotaja. Kwa hiyo usiishie kusema jina la tyubu. Sema: “Nataka dawa ya kuziba maungio ya sakafu ya gari la chuma, iliyopakwa praima, na itapakwa rangi juu.” Ni vyema muuzaji aandike maelezo hayo kwenye risiti.

Dai risiti ya EFD, au risiti ya mkono pale muuzaji asipotumia mashine. Bidhaa ikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, tyubu na picha. Pale unapoamini kuwa umeuziwa bidhaa bandia au umepewa maelezo ya kupotosha, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani, yaani FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Kuhusu bidhaa iliyo chini ya viwango, taarifa ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Madai ya fedha dhidi ya muuzaji au fundi yanaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo.

Tunza risiti na makubaliano angalau hadi masika moja ipite. Mvua kubwa ya kwanza inapokwisha, inua mazulia ya sakafu na upapase kona zote kwa mkono. Penye unyevu, rekebisha mapema kabla kutu haijaanza upya.