Mwendo, Kani na Nishati katika Barabara za Malakia

Mekanika ni tawi la fizikia linalochunguza vitu vinavyokwenda na vilivyotulia, pamoja na sababu za kwenda na kutulia huko. Maswali yake ya mwanzo, yale anayokutana nayo mwanafunzi wa sekondari, hayahitaji maabara. Malakia, mtaa wa siku nyingi jijini Juba, karibu na soko la Konyo Konyo, unayo ya kutosha: magunia yanapandishwa kwenye malori, boda boda zinapenya katikati ya magari, na malori ya maji yanapita yakiwa yamebeba maji yaliyochotwa Nile Nyeupe. Nambari nyingi zinazofuata zimechaguliwa ziwe nyepesi kukokotoa, kama ilivyo desturi ya vitabu vya mazoezi, ila haziko mbali na hali halisi.

Swali la kwanza huwa la mwendo peke yake, bila kuuliza unasababishwa na nini. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, ina urefu wa kilomita 192 na ilikamilika mwaka 2012. Basi likitumia saa 4, wastani wa mwendokasi wake ni kilomita 48 kwa saa. Hapo hakuna utata. Utata huanza pale basi linapokwenda nusu ya kwanza ya njia kwa kilomita 64 kwa saa, kisha nusu ya pili, tuseme kwa sababu ya mvua, kwa kilomita 32 kwa saa. Wengi hujumlisha 64 na 32, wakagawanya kwa 2, wakapata 48 ile ile. Wamekosea. Kilomita 96 za mwanzo zimechukua saa 1 na nusu, na 96 za mwisho zimechukua saa 3. Kilomita 192 zikigawanywa kwa saa 4 na nusu, wastani ni kilomita 42.7 kwa saa. Basi lilikaa kwenye mwendo wa polepole muda mara mbili ya ule liliokaa kwenye mwendo wa haraka, na hesabu lazima iheshimu muda huo.

Mwendo una ukubwa na una upande pia, na upande ndio unaosahaulika zaidi. Mtumbwi wa kwenda Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka Juba, unafundisha jambo hili vizuri kuliko ubao wa darasani. Wasomaji wa historia wanaijua Gondokoro, kwa kuwa ndipo wapelelezi Speke na Grant walipokutana na mwenzao Samuel Baker mwezi Februari 1863. Ikichukuliwa kwamba mkono wa mto una upana wa mita 200, mtumbwi unakwenda mita 2 kwa sekunde, na maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, mpiga kasia anayeelekeza omo moja kwa moja ng'ambo atavuka kwa sekunde 100. Katika sekunde hizo mkondo utakuwa umemshusha mita 100 chini ya pale alipokusudia. Mkondo ukiongezeka maradufu, atashushwa mita 200, lakini bado atavuka kwa sekunde zile zile 100. Maji yanayosukuma kuelekea kaskazini hayamsaidii wala kumzuia kwenda mashariki. Akitaka kutia nanga mkabala na alipoondokea, itambidi aelekeze omo juu ya mkondo, na hapo sehemu ya nguvu zake inaishia kushindana na maji. Mwendo wake wa kuvuka unabaki mita 1.73 kwa sekunde, na safari inachukua kama sekunde 115.

Mwendo unapobadilika, iwe kwa kuongezeka, kupungua au kugeuka, kiasi cha mabadiliko hayo kwa kila sekunde huitwa mchapuko. Mchapuko maarufu kuliko yote ni ule wa kitu kinachoanguka: mwendokasi wake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Embe linalokatika kwenye tawi lililo mita 4.9 juu hufika chini kwa sekunde 1 tu, likiwa katika mwendo wa kilomita 35 kwa saa hivi. Ukubwa wa embe haubadilishi kitu, alimradi upinzani wa hewa ni mdogo. Galileo alilieleza jambo hilo kwa marefu katika kitabu chake cha 1638, na hadi leo ni watu wachache wanaolikubali kabla ya kuliona kwa macho.

Isaac Newton ndiye aliyefunga hesabu ya sababu za mwendo, mwaka 1687, kwa kanuni tatu. Ya kwanza inasema kitu hubaki kilivyo, kimetulia au kinakwenda mwendo ule ule kwenye mstari mnyoofu, mpaka kani ikibadilishe. Kani ni msukumo au mvuto wowote. Dereva wa lori la maji anaijua kanuni hii kwa mgongo wake. Tanki lililojaa pomoni halimsumbui sana. Linalomsumbua ni lile lililobaki nusu. Akikanyaga breki lori linapunguza mwendo, lakini maji yanaendelea kwenda mbele kwa mwendo yaliokuwa nao mpaka yanapogonga ukuta wa mbele wa tanki, na kishindo hicho kinalisukuma lori wakati ambapo dereva alishadhani limetulia. Kwenye kona maji yanakimbilia upande wa nje, na lori linaweza kulala ubavu. Ndiyo maana matanki yaliyotengenezwa vizuri huwekwa kuta za ndani zenye matundu, ili maji yasipate nafasi ya kukimbia yote kwa pamoja.

Kanuni ya pili ndiyo mashine ya kukokotolea: kani ni tungamo mara mchapuko. Tungamo ni kiasi cha maada, na hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inalivutia tungamo hilo, na hupimwa kwa nyutoni. Gunia la unga la kilo 50 lina uzito wa nyutoni 490. Mizani ya sokoni huandika kilo, na hakuna mfanyabiashara aliyepata hasara kwa hilo, lakini mwanafunzi anayechanganya viwili hivi atakosa jibu kila mara.

Kanuni ya tatu inanukuliwa na kila mtu, na wachache wanaielewa: kila kani ina mwenziwe wa ukubwa ule ule, upande wa pili. Gunia limewekwa juu ya meza. Uzito wa nyutoni 490 unalivuta chini, na meza inalisukuma juu kwa nyutoni 490. Wanafunzi wengi hudhani hao ndio wenza. Sivyo. Meza ikiondolewa, msukumo wake unatoweka papo hapo, ilhali uzito bado upo, na gunia linaanguka. Kani mbili za kanuni ya tatu haziachani namna hiyo. Mwenzi wa uzito wa gunia ni mvuto wa gunia juu ya dunia yenyewe, na mwenzi wa msukumo wa meza ni mgandamizo wa gunia juu ya meza. Wenza wa Newton daima hufanya kazi juu ya vitu viwili tofauti. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutatua swali lolote la kani ni kuchagua kitu kimoja, kukichora peke yake, na kuchora mishale ya kani zinazokigusa au kukivuta hicho tu. Maswali mengi yanayoonekana magumu huwa yamekwisha mchoro unapokamilika.

Mfano wa boda boda unastahili kutazamwa kwa utulivu. Pikipiki ya kilo 110, dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70 hufanya tungamo la kilo 250. Wanakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde (kilomita kwa saa hugawanywa kwa 3.6). Mtoto anakatiza barabara. Dereva anashika breki, na pikipiki inapoteza mita 5 za mwendokasi kila sekunde. Itasimama baada ya sekunde 2. Kwa kuwa mwendo umeshuka taratibu kutoka 10 hadi sifuri, wastani wake ni mita 5 kwa sekunde, na umbali ni mita 10. Kani iliyofanya kazi hiyo ni 250 mara 5, yaani nyutoni 1,250, na imetoka kwenye msuguano wa matairi na barabara. Breki hufunga magurudumu tu. Barabara ndiyo inayosimamisha pikipiki, na barabara ikiwa na vumbi, changarawe au tope, msuguano unaweza kushuka hadi nusu na umbali kuwa mita 20.

Mwendo ule ukiwa kilomita 72 kwa saa, mita 20 kwa sekunde, pikipiki itahitaji sekunde 4, na kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde itakwenda mita 40. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Tena hapo breki zimehesabiwa peke yake. Dereva huhitaji kama sekunde 1 kuona, kuamua na kushika breki, na ndani ya sekunde hiyo pikipiki inakwenda kama kwamba hakuna kilichotokea: mita 10 kwa mwendo wa kwanza, mita 20 kwa wa pili. Jumla ni mita 20 dhidi ya mita 60.

Swali lile lile linaweza kutatuliwa kwa njia ya nishati bila kutaja sekunde hata moja. Kitu kinachokwenda kina nishati mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo mara mwendokasi uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mita 10 kwa sekunde, boda boda yetu ina juli 12,500 (juli ni kipimo cha nishati). Kazi ni kani mara umbali, kwa hiyo kani ya nyutoni 1,250 ikifanya kazi ya kuimaliza, inahitaji mita 10. Kwa mita 20 kwa sekunde nishati ni juli 50,000, na umbali ni mita 40. Majibu yamekutana. Kanuni ni rahisi kukumbuka: swali likiuliza muda, anza na kani na mchapuko, likiuliza umbali au kimo bila kutaja muda, anza na nishati.

Jambo la mwendokasi kuzidishwa kwa wenyewe halikupatikana kwa urahisi. Wanafalsafa wa Ulaya walibishana miaka mingi kama nguvu ya kitu kinachokwenda inafuata mwendokasi wenyewe au kipeo chake cha pili. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini, akaona kwamba mpira wenye mwendokasi maradufu unachimba shimo mara nne. Émilie du Châtelet, mwanamke Mfaransa aliyemtafsiri Newton, aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha 1740.

Nishati haipotei, inahama. Ile ya pikipiki iliyosimama imekuwa joto kwenye breki na matairi. Ile ya mchukuzi wa Konyo Konyo inakwenda juu. Mtu wa kilo 70 anayepanda ubao akiwa na gunia la kilo 50 kichwani hadi kwenye lori lenye kimo cha mita 1.2 amefanya kazi ya juli 1,411, na ubao uwe mfupi au mrefu, kazi hiyo haibadiliki. Ubao mrefu hupunguza ukali wa kila hatua, kisha huongeza idadi ya hatua. Kwa magunia 100 jumla ni juli 141,000, na kwa kuwa misuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya namna hii, gharama ya kupanda peke yake inalipwa na gramu 25 hivi za karanga. Jibu hilo linashangaza, na mchukuzi atalicheka. Ana haki: hesabu haikugusa kubeba gunia kwenye tambarare, kulishikilia, wala kushuka, mambo ambayo misuli huyalipia ingawa mekanika huyaandikia karibu sifuri.

Maji nayo hulipa kwa kimo. Kituo cha umeme cha Nalubaale huko Jinja, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1954, kinatumia maporomoko ya takriban mita 20. Kila mita ya ujazo ya maji ina tungamo la kilo 1,000, na ikishuka mita 20 inatoa juli 196,000. Mitambo ikiweza kunasa asilimia 90 ya hizo, zitahitajika mita za ujazo 1,020 kila sekunde ili kufikia megawati 180 za kituo hicho. Maji hayo hupita maziwa ya Kyoga na Albert, kisha hufika Juba.

Kanuni ya nishati mwendo na ile ya kuanguka zikiwekwa pamoja, zinatoa jibu moja la kutisha. Kugonga ukuta kwa kilomita 36 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 5. Kwa kilomita 72 kwa saa ni mita 20, kimo cha jengo la ghorofa sita hivi. Kofia ngumu ya mpanda boda boda haipunguzi nishati hata juli moja. Inachofanya ni kurefusha umbali ambao kichwa kinautumia kusimama. Fuvu likigonga lami tupu husimama ndani ya milimita chache. Sponji ngumu ndani ya kofia hubonyea kama milimita 25. Umbali ukitoka milimita 2 hadi 25, kani inayokipiga kichwa inapungua zaidi ya mara 12. Abiria aliyekaa nyuma ana mwendokasi ule ule wa dereva, kwa hiyo naye anahitaji kofia yake.