Fahamu: Nani humpa Frimasoni uhalali?

Boti za mbao zinazotoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda Kongo huvuka pia mpaka wa Frimasoni. Loji (matawi) za Tanzania zilirithi mamlaka ya Loji Kuu za London na Edinburgh. Ng’ambo, Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na loji za Grand Orient (chombo kikuu cha loji) ya Ubelgiji. Kambi hizo mbili zilitengana wazi mwaka 1877: Grand Orient ya Ufaransa iliacha sharti la kumwamini Mungu, London ikakataa kuitambua. Wapo wasemao basi London ndiyo yenye Frimasoni halali. Sikubali: London yenyewe ilikuwa na Loji Kuu mbili zilizopingana tangu 1751 hadi zilipoungana 1813. Hakuna mahakama moja ya Frimasoni kwa dunia nzima. Loji ikiitwa “haramu”, maana yake ni kutotambuliwa na wenzake, basi.