Sonona ya majira ya baridi: kwa nini ndugu zetu walio Ulaya hukaa mbele ya taa asubuhi?

Mwezi wa Januari, mama mmoja wa hapa Dimani alinisimamisha nikitoka sokoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unazungumza na watu wengi redioni. Hebu niambie, huko Ulaya kuna ugonjwa gani unaomfanya mtu achoke hata kusema?"

Mwanawe alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda kusoma Umeå, mji ulio kaskazini mwa Uswidi. Alizoea kupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Tangu Novemba simu zilipungua, na akipiga anajibu neno moja moja. Analala muda wa saa 11 au 12 na bado anasema amechoka. Jirani mmoja alishasema kijana amerogwa. Mwingine alisema ameshapata maisha, amesahau kwao.

Nilimpigia kijana kwa ruhusa ya mama yake. Aliniambia, "Dada, naenda darasani giza, natoka giza. Mara ya mwisho kuliona jua sikumbuki." Aliponieleza kwamba daktari wa chuo amemshauri akae mbele ya taa kila asubuhi, nilikiri kwamba sikuwahi kulisikia jambo hilo. Nimelifuatilia, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyaandika kwa ajili ya yeyote mwenye ndugu katika nchi za baridi, na kwa ajili ya ndugu huyo mwenyewe akiyasoma.

Giza la kiasi gani?

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuwezi kulielewa jambo hili kwa urahisi. Hapa Kibiti mchana mfupi kuliko yote katika mwaka, ule wa mwishoni mwa Juni, una muda wa saa 11 na dakika 40 hivi. Mchana mrefu kuliko yote, wa mwishoni mwa Desemba, ni muda wa saa 12 na nusu na ushei. Tofauti haifiki hata saa moja. Ndiyo maana watu wa pwani huyataja majira kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, vuli. Hata neno dimani ni jina la majira, wakati kusi inapopungua nguvu. Hatuna majira tunayoyaita ya giza.

Wenzetu wanayo. Umeå, katikati ya Desemba, jua huchomoza kama saa 3 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 8 mchana. Mchana wote ni muda wa saa 4 na nusu hivi, na mara nyingi kuna mawingu. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. London, mchana mfupi wa Desemba haufiki muda wa saa 8. Toronto na Minneapolis, ambako wanaishi watu wengi waliotoka Afrika Mashariki, haufiki saa 9.

Si uvivu, ni ugonjwa

Baridi ikiingia, watu wengi wa huko hupungukiwa na nguvu kidogo lakini huendelea na shughuli zao. Wapo ambao huugua hasa. Madaktari huiita hali hiyo sonona ya majira, yaani sonona inayokuja msimu fulani wa mwaka, ikaondoka, kisha ikarudi mwaka unaofuata.

Dalili zake huanza siku zinapofupika, Oktoba au Novemba, na huondoka Machi au Aprili mwanga unaporudi. Mgonjwa hulala sana na kuamka kwa shida. Hutamani vyakula vya wanga na sukari, na mwili huongezeka uzito. Hukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, hushindwa kutuliza akili kazini au darasani, na hujitenga na watu. Wengine hukata tamaa kabisa. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake na vijana, na kadiri mtu anavyoishi mbali na ikweta ndivyo hatari inavyoongezeka kwa jumla.

Daktari aliyeupa ugonjwa huu jina lake ni mzaliwa wa Afrika. Norman Rosenthal alizaliwa na kusomea udaktari Afrika Kusini, akahamia New York mwaka 1976. Majira ya baridi yalipoingia aliona nguvu zake zinapungua na kazi zinamshinda, na siku ziliporefuka alirudi katika hali yake. Baadaye alijiunga na taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani. Huko alikuja mhandisi mmoja, Herbert Kern, aliyekuwa ameandika kwa miaka mingi jinsi furaha na huzuni zake zilivyofuata majira. Watafiti walimweka mbele ya mwanga mkali kila siku, na baada ya siku chache akapata nafuu. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 29 wa aina hiyo pamoja na matokeo ya kwanza ya kuwatibu kwa mwanga.

Mwanga unafanya nini mwilini?

Ndani ya ubongo kuna saa. Ndiyo inayouambia mwili lini ulale, lini uamke na lini usikie njaa. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga wa asubuhi unaoingia kupitia macho. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba ni usiku. Mwaka 1980 mtafiti Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali unaweza kuizuia melatonini ya binadamu, wakati mwanga wa kawaida wa taa za nyumbani haukutosha kufanya hivyo.

Mtu anayeamka saa 12 asubuhi katika nchi ambayo jua litachomoza saa 3 amesimama kwa miguu tu. Mwili wake bado uko usiku. Wanasayansi wengi huona kwamba kuchelewa huku kwa saa ya mwili ni sehemu kubwa ya chanzo cha ugonjwa, ingawa pia yanatajwa mabadiliko ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo.

Taa yenyewe ikoje?

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa luksi. Sebule yenye balbu usiku ina luksi 100 au pungufu. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500. Ukitoka nje hapa kwetu, hata siku ya mawingu ya masika, unakutana na maelfu ya luksi, na jua la utosini hufika luksi 100,000. Macho hutudanganya kwa sababu yanazoea haraka, tukadhani ndani na nje hakuna tofauti kubwa.

Taa ya tiba hutoa luksi 10,000, kama vile kukaa nje chini ya mwembe asubuhi yenye jua. Ni kama sanduku bapa lenye mwanga mweupe, na huchujwa ili isitoe miale ya jua inayounguza ngozi. Balbu ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, na mashine za kubadilisha rangi ya ngozi zilizomo katika saluni za huko ni hatari na hazihusiani na tiba hii.

Inatumiwaje?

Kijana wetu alipopewa ushauri alinunua taa, lakini kwa kuwa asubuhi alikuwa anachelewa darasani, akawa anaiwasha saa 3 usiku akisoma. Matokeo yake akakosa usingizi kabisa mpaka saa 8 za usiku. Akaamini taa ni uongo. Kosa lilikuwa la wakati.

Utaratibu unaopendekezwa na madaktari wengi ni huu:

1. Washa taa asubuhi, mapema baada ya kuamka. Ukiiwasha usiku unauambia mwili kwamba kumekucha.
2. Kaa mbele yake dakika 30 ikiwa ni ya luksi 10,000. Taa ya luksi 2,500 huhitaji muda wa saa 2 hivi.
3. Iweke katika umbali uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya sentimita 40 na 60. Ukisogea mbali mwanga unapungua sana.
4. Fumbua macho, lakini usiikodolee taa. Kunywa chai, soma, andika, huku mwanga ukikufikia usoni.
5. Fanya hivyo kila siku. Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Ukiacha katikati ya majira ya baridi, dalili hurudi.

Tiba hii imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na Raymond Lam, walichapisha utafiti wa wagonjwa 96 waliofuatiliwa kwa wiki 8. Nusu walipewa taa halisi na kidonge kisicho na dawa, nusu nyingine walipewa dawa ya sonona iitwayo fluoxetine na taa hafifu. Katika kila kundi, asilimia 67 walipata nafuu. Mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili nayo husaidia, na faida yake huonekana hata katika majira ya baridi yanayofuata.

Hata miji yenyewe imetafuta njia. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya Umeå iliweka taa za tiba katika vituo vya basi vipatavyo 30 ili abiria wapate mwanga wakisubiri. Mwaka 2013 mji wa Rjukan nchini Norwe, ambao uko bondeni na hukosa jua kwa karibu miezi sita, ulifunga vioo vitatu vikubwa mlimani vinavyorudisha jua hadi uwanja wa katikati ya mji.

Nani awe mwangalifu?

Taa si dawa ya kununua na kutumia bila kuuliza. Mwenye ugonjwa wa macho, hasa wa retina, au kisukari kilichogusa macho, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo anayetumia dawa zinazoifanya ngozi au macho yaumizwe na mwanga. Mwenye ugonjwa wa akili ambao humpandisha katika msisimko mkubwa na kumshusha katika huzuni asijaribu bila usimamizi, kwani mwanga unaweza kumpandisha kupita kiasi. Wengine huumwa kichwa, huchoka macho au husikia kichefuchefu. Mara nyingi hupona wakipunguza muda au wakisogea nyuma kidogo.

Anayefikiria kujidhuru asisubiri taa wala asubuhi. Huyo anahitaji msaada wa hospitali siku hiyo hiyo.

Si sawa na vitamini D

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ya jua ambayo taa ya tiba imeichuja. Taa hufanya kazi kupitia macho, wala haikupi vitamini hiyo. Mtu mwenye ngozi nyeusi anayeishi kaskazini yuko katika hatari kubwa ya kupungukiwa na vitamini D, hivyo aulize kuhusu kipimo na vidonge kama jambo la pili, hata kama taa anayo.

Na asubuhi zetu za giza?

Msikilizaji mmoja aliniuliza iwapo nasi tununue taa, maana Juni na Julai watoto wa hapa huondoka kwenda shule kukiwa bado giza. Jua la miezi hiyo huchomoza saa 12 na nusu na dakika chache. Jibu langu ni hapana. Uchovu wa watoto hao hutokana zaidi na kulala kidogo, na wengine hukesha na simu. Walale mapema, na jua likitoka wawe nje. Luksi ambazo ndugu zetu wanazinunua kwa fedha nyingi, sisi tunazipata bure tukifagia uwanja au tukianika dagaa.

Hiyo haina maana kwamba huku hakuna sonona. Ipo, na huja kwa sababu nyingine. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi ipelekwe zahanati au kituo cha afya.

Sisi tulio nyumbani tufanye nini?

Ndugu yako akipunguza simu kuanzia Novemba, usianze na lawama. Mwulize analalaje, anakula nini, anatoka nje saa ngapi. Mwambie atoke mchana wakati kuna mwanga, hata kama ni baridi na kuna mawingu, kwa sababu mwanga wa nje bado unazidi wa ndani. Mshauri amwone daktari wa huko, na usione aibu kulitaja neno sonona. Usimwongezee mzigo wa kumwambia kwamba anajidekeza au kwamba amerogwa. Maneno hayo humfanya anyamaze zaidi, na mgonjwa wa sonona aliyenyamaza yuko hatarini.

Kijana wa Umeå alihamisha taa yake mezani anaponywea chai ya asubuhi. Anasema haikumfanya apende baridi, lakini wiki ya pili aliweza kuamka bila kupigana na kitanda, na kwa msaada wa daktari alimaliza muhula wake. Simu za Ijumaa zimerudi.

Mama yake hakupata kuiona taa hiyo ila kwa picha. Lakini siku hizi, ikifika Oktoba, baada ya salamu swali lake la kwanza ni moja: "Umekaa kwenye taa leo, mwanangu?" Akijibiwa ndiyo, wanaendelea na habari nyingine. Akijibiwa hapana, anamwambia akaiwashe kwanza, kisha ampigie tena.